Nyumba ya Kitale, Simu ya Bungoma

Mume wangu alifariki wakati watu wa Kitale wanapanda mahindi. Asubuhi ile ile, nikiwa bado nimekaa sakafuni, ndugu yake mkubwa alinijia akainama. Ananiita mulamwa, kama watu wa kwao Bungoma wanavyowaita wake wa ndugu zao.

"Mulamwa, lete simu yake tupigie watu."

Nikampa. Ndivyo inavyofanywa. Simu ya marehemu ndiyo yenye namba za wenzake wa kazi, za kanisa, za watu aliosoma nao, na mtu mmoja wa familia huishika ili awaarifu wote. Hata namba ya kuifungua nilimtajia mwenyewe. Nakumbuka nilimshukuru.

Tulimzika kwao Bungoma. Watu walipotawanyika nikarudi Kitale, mtaa wa Tuwan, kwenye nyumba tuliyojenga sisi wawili. Simu ikabaki Bungoma. Sikuiulizia kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuiona.

Mume wangu alikuwa fundi wa stima na alipenda vitu vipya. Sebuleni alikuwa ameweka kisanduku cheupe kidogo ukutani, na kisanduku hicho ndicho kilichoamuru taa, pampu ya maji na mota ya geti. Yeye aliviongoza vyote kwa simu. Mimi nilikuwa na kidude cha kubonyeza geti, nimekifunga pamoja na funguo. Siku moja nilimwomba anifundishe ya kwenye simu. Akacheka. "Wewe bonyeza tu. Hayo mengine niachie." Niliacha shule darasa la saba, kwa hiyo aliposema hivyo niliona haya nikanyamaza.

Wiki ya nne baada ya mazishi nilirudi sokoni kuuza nguo. Hakuna aliyenikataza kwa mdomo, lakini nilijua watu wa mume wangu wanataka mjane akae nyumbani mpaka waseme basi. Nilienda hata hivyo. Kukaa ndani kulikuwa kunanimaliza.

Halafu wakaniita Bungoma tupange ibada ya kumkumbuka. Tulikuwa sebuleni kwa mama mkwe, na wazee wawili wa kanisa, na baba mdogo wa marehemu. Baada ya maombi shemeji akatoa simu ya mume wangu mfukoni, akavaa miwani, akaanza kuisoma.

"Mulamwa, tunaomba utusaidie kuelewa. Jumatatu geti limefunguka saa kumi na mbili asubuhi. Limefunguka tena saa kumi na moja jioni. Jumanne, hivyo hivyo. Alhamisi limefunguka mara nne. Mara nne! Ni nani alikuwa anaingia kwa nyumba ya ndugu yangu?"

"Labda alikuwa anatoa ng'ombe, bana," baba mdogo akasema, na wazee wa kanisa wakacheka.

"Nilikuwa naenda soko," nikasema.

"Soko! Udongo wa kaburi haujakauka, ati soko."

Alhamisi walikuwa wamekuja akina mama wa kanisa kuniletea kuni na maharagwe, kundi moja baada ya jingine. Sikulisema hilo. Mama mkwe alikuwa ananiangalia miguu kana kwamba ina matope.

Shemeji hakuwa amemaliza. "Na tena unawasha taa vyumba havina watu. Juzi ilibidi nizizime."

Jioni ile naikumbuka. Nilikuwa nachambua mboga, taa zote zikazimika mara moja, nikadhani stima imepotea mtaa mzima. Nilichungulia dirishani nikaona kwa jirani kunawaka. Nilikaa gizani nikilia, nikifikiri hata nyumba imechoka na mimi. Kumbe ni mtu, ameketi Bungoma, anabonyeza kwa kidole.

"Nipe simu ya mume wangu," nikamwambia.

"Hii ni simu ya ndugu yangu. Na lazima mtu aangalie nyumba."

Hasira iliyonishika siku ile sijawahi kuwa nayo. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikaenda nayo dukani kwa mzee Kalasinga, Mhindi mwenye kilemba, aliyemuuzia mume wangu kile kisanduku. Nilimwambia nataka geti na taa vitoke kwenye simu ya Bungoma vije kwenye yangu.

"Mwenyewe lazima akubali kwa simu yake, mama, ndiyo vihame."

"Mwenyewe amekufa."

Alivua miwani. "Pole sana. Kisanduku hakijui hiyo."

Akanieleza njia iliyobaki. Aweke kisanduku kingine, halafu afute kila kifaa kimoja kimoja, kiwe kama kilivyotoka dukani, ndipo kikubali kisanduku kipya. Lakini yote aliyoyapanga mume wangu yangepotea.

Alikuja nyumbani mwenyewe na ngazi, kilemba chake kikigusa dari. Alifuta geti, akafuta pampu, akafuta taa za nje. Alipofika jikoni akasita.

"Hii taa amepangia iwake saa kumi na moja kasorobo kila asubuhi. Wewe unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kamili."

Miaka yote nilidhani yeye ndiye anayesahau kuizima. Nilisimama pale, mzee ameshika ngazi, ananingoja.

"Futa," nikasema.

Sikulisema kwa ujasiri. Nililisema kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa dhidi ya marehemu. Aliweza kunipangia taa bila kuniambia, lakini hakuweza kunifundisha jinsi ya kuishika nyumba yangu. Alijua anaumwa kifua. Alikuwa na mwaka mzima wa kunifundisha.

Ilipofika namba ya siri, mzee alinipa simu yangu. "Andika wewe. Mimi naangalia ukuta, sitaki kujua." Akageuka kweli, mikono nyuma. Nilikosea mara tatu. Hakugeuka.

Asubuhi iliyofuata niliingia jikoni gizani nikajigonga mezani. Kabla chai haijachemka shemeji akapiga.

"Mulamwa, hii simu inasema nyumba haipo."

"Nyumba ipo."

"Mbona siioni?"

"Walio Kitale wanaiona."

Jumamosi akaja. Nilisikia akipiga honi nje, halafu akigonga geti kwa kiganja. Nilikuwa nafua. Nilimaliza kukamua shuka, nikaianika, nikanyoosha pembe zake, ndipo nikafungua. Ningeweza kufungua mapema. Simu ilikuwa mfukoni.

"Simu ya mume wangu umeleta?"

"Iko nyumbani," akasema bila kuniangalia. "Ina mambo ya familia."

"Na mimi ni nani?"

Akapita ndani akaketi. Nilimpa chai na mkate, kwa sababu alikuwa ametoka mbali na ana sura ya mume wangu akiwa amechoka. Alikunywa akiangalia kile kisanduku kipya. Hakutaja geti, wala soko, wala ile siku kwa mama yake, na mimi sikumsaidia kuanza.

Alipotaka kuondoka aliwasha gari akalisogeza mpaka getini. Akangoja. Nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi, na alikuwa ananiona kwenye kioo. Alipiga honi mara moja, fupi. Sikufanya kitu. Mwishowe akashusha dirisha, akatoa kichwa.

"Mulamwa. Nifungulie, tafadhali."

Nikamfungulia. Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo. Kisha nikafunga, nikabaki nimesimama uani peke yangu. Picha zote za mume wangu ziko kwenye ile simu, na Jumatatu nitaenda Bungoma kuidai mbele ya wazee wale wale waliocheka.