Maji ya Kunawa

Siku mbili kabla ya kura tulikuwa tunapura mahindi kwetu Lugari, na kelele pekee iliyokuwapo ilikuwa ya fimbo. Mama na jirani yetu Mama Rebeka walikuwa na mtindo wao wa miaka mingi: leo kwetu, kesho kwake, mpaka mahindi ya nyumba zote mbili yaishe. Mama Rebeka alikuwa wa kabila jingine. Sitalitaja, na letu pia sitalitaja. Anayeijua Lugari ameshajua, na asiyeijua hapungukiwi na kitu. Bintiye Rebeka alikuwa ameshaolewa, nyumbani amebaki Eliya, kijana wa miaka kumi na tisa.

Mama Rebeka alipura kana kwamba mahindi yamemkosea. Baba alipokuwa akipita na baiskeli alimwambia apunguze, asije akatoa unga papo hapo. Naye akamjibu, "Baba Nafula, shika fimbo ama unyamaze." Baba akaegemeza baiskeli, akashika fimbo. Mimi ndiye Nafula. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilidhani dunia ni hiyo.

Matokeo yalipotangazwa, vijana walifunga barabara kwa magogo na kuanza kuwauliza watu majina. Jina la kwanza halikuwa na shida, kila mtu ni Petero au Yohana. Walitaka la pili. Eliya alionekana miongoni mwao siku ya kwanza. Waliotafutwa hasa ni wanaume, kwa hiyo akina baba wengi walikimbia. Baba alikataa kuondoka. Alisema mahindi ya mwaka mzima hayaachwi peke yake.

Mama akamficha mlemle ndani ya mahindi. Ghala letu lilikuwa la mabanzi, limeinuliwa juu ya vigingi, karibu na ua wa barabarani. Baba aliingia nyuma ya magunia, Mama akafunga kufuli kwa nje ili mpita njia aone ghala tu, na ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi. Kazi ya chakula ikawa yangu. Niliweka bakuli chini kabisa kwenye ndoo, juu yake nikatia chenga za mahindi za kuku.

"Usisimame, usiongee," Mama aliniambia. "Mwaga hiyo chakula ya kuku, sukuma bakuli kwa hiyo pengo ya chini, urudi. Ni kuku unalisha, umesikia?"

Siku ya kwanza nilifanya hivyo. Siku ya pili, nikiwa nasukuma bakuli, nilisikia Baba akinong'ona kutoka ndani, "Nafula, nimekuwa kuku kweli. Nakulanga bila hata kunawa." Alikuwa akicheka. Nilirudi jikoni nikiwa na aibu. Kwetu binti hamtengei baba yake obusuma, yaani ugali, kabla ya kupiga magoti na kummiminia maji. Nilikuwa nikifanya hivyo tangu nilipoweza kuinua jagi, na sasa nilikuwa namrushia mzazi wangu chakula kama mbwa.

Siku ya tatu nilibeba jagi na beseni.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba na Mama Rebeka, aliyekuja kurudisha ungo wetu. Nilipiga magoti mbele ya ghala. Baba alitoa mikono yote miwili kwenye pengo, nami nikamimina. Alinawa polepole, akapitisha kidole kwa kidole. Akasema, "Asante, mama."

Nilipoinua uso, kijana mmoja alikuwa amesimamisha baiskeli barabarani, mguu mmoja chini. Hakuwa Eliya, wala sikuwahi kumwona kabla. Alinitazama, akatazama lile ghala, akaondoka bila salamu.

Hakuna anayepigia kuku magoti. Nililijua hilo kabla hajafika konani. Sikumwambia Mama, kwa sababu angenigombeza.

Walikuja saa tisa mchana.

Hawakuingia nyumbani. Hawakugusa ng'ombe. Walienda ghalani moja kwa moja.

Mama alikuwa kisimani. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Mahindi makavu hayahitaji petroli, lakini walikuwa nayo.

Nililishika lile kufuli kwa mikono miwili nikalivuta. Lilikuwa la moto, kisha nikawa sisikii moto tena.

Baba aliniita jina mara moja. Kisha akasema, "Toka hapo."

Mtu alinikamata kiunoni kutoka nyuma. Alikuwa Mama Rebeka. Aliniburura mpaka kwake, akatumbukiza mikono yangu kwenye pipa la maji ya ng'ombe, akaishikilia humo huku akilia.

Nililazwa Kakamega, mikono imefungwa bandeji hadi viwiko. Mama alikaa kando ya kitanda akilinda. Kila muuguzi aliyekuja alimwuliza jina la pili, na kama hakulipenda, alikitazama kidonge pande zote kabla ya kukiweka kinywani mwangu. Mama Rebeka alikuja siku moja na chupa ya maziwa. Sijui alipitaje kwenye magogo yale yote. Mama aliyapokea, akasema asante, na mgeni alipotoka akaenda kuyamwaga kwenye sinki.

"Aliangalia ghala asubuhi ile," alisema. "Mimi nilimuona. Ni nani mwingine alijua?"

"Lakini ndiye alinitoa kwa moto, Mama."

"Mtu akichoma, si lazima afute nyayo?"

Nilikuwa na kiu. Niliyatazama yale maziwa yakienda.

Baba alizikwa Kabras kwa babu, haraka haraka, polisi wakingoja barabarani. Siku ya tatu tulinyolewa. Kwetu siku ya kunyoa ndiyo siku ambayo ukoo huketi na kuulizana kifo kilikujaje. Baba mkubwa alisimama, akazungusha macho yake kwa kila mmoja wetu. Alisema, "Mwenye neno aseme leo. Kesho litakuwa uchochezi."

Mama alisema kikulacho ki nguoni mwako. Kisha akamtaja Mama Rebeka.

Baba mkubwa akauliza kama yuko mwenye neno lingine. Nilikuwa nimekaa mkekani, kichwa kipara, mikono yangu mikubwa myeupe ya bandeji magotini. Nilikuwa nalo. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilichohisi pale Mama alipolitaja jina lile kilikuwa nafuu. Kosa lilikuwa limepata mwenyewe, na hakuwa mimi. Wiki iliyofuata tulisikia nyumba ya Mama Rebeka imechomwa. Sikuuliza na nani. Binamu zangu wawili walinuka moshi.

Tulihamia Lurambi kwa khocha Benja, kaka yake Mama. Bandeji zilipotoka, vidole vyangu vilikuwa vimekunjika kama kucha za kuku, na mama mmoja wa hospitali akaniambia niminye kitu laini, chenye uvuguvugu, kila siku. Khocha akasema kitu hicho tunacho. Basi kila jioni nilipewa tonge kubwa la obusuma nilifinye mpaka lipoe, na watoto wake wakangoja kuona kama nitalila baadaye. Mwezi wa kwanza nililia. Mwezi wa nne nilishika kalamu. Nilirudi shule, nikamaliza, leo nafundisha watoto wa darasa la pili, na mwandiko wangu ubaoni unasomeka.

Kitu kimoja sikurudia. Wageni walipokuja, sikushika jagi la maji ya kunawa. Walisema ni mikono, mwacheni, nami nikawaacha waamini hivyo.

Mama naishi naye. Miaka yote hii hajaazima chumvi kwa jirani. Mwaka huu, mabango ya wagombea yalipoanza kubandikwa, nilimkuta amekaa na binti yangu Neema, aliyetimiza miaka kumi na mitatu, akimwonyesha nyumba za mtaa wetu moja moja. Wale ni wa kwetu. Wale hapana. Wale wa geti la kijani, usiwaambie babako anarudi saa ngapi. Kisha akaanza kumsimulia habari za Mama Rebeka, na Neema akauliza, "Kwa hivyo Risper asikujange hapa tena?" Risper ni rafiki yake, wa geti la kijani.

Hapo ndipo niliposema. Nilimtuma Neema dukani, nikamweleza Mama habari za jagi, beseni, magoti na kijana wa baiskeli. Nilimweleza kwa dakika chache kitu nilichokibeba zaidi ya nusu ya maisha yangu.

Hakunigombeza. Neema aliporudi, alimpokea chenji akaihesabu. Baadaye, akichambua mboga, alisema bila kuniangalia, "Ufunguo nilikuwa nao mimi." Nilielewa kwamba naye alikuwa na sababu yake ya kumhitaji Mama Rebeka awe mkosaji.

Jumamosi tulienda Lugari, mimi na yeye. Mama Rebeka amejenga tena palepale, vyumba viwili tu, na amekonda. Alitutazama kwa muda akiwa mlangoni, mkono kwenye fremu, kama anayepima kama tumekuja na watu wengine. Kisha akasema, "Nafula. Leta mikono nione." Akaigeuza juu na chini.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Mama aliongeza sehemu yake ya siku ya kunyoa, na kuhusu maziwa. Mama Rebeka alisikiliza akitazama uwanjani, pale ghala letu lilipokuwa, ambapo sasa ni shamba la mtu mwingine.

"Mimi nilijua ni Eliya," alisema hatimaye. "Si alikuwa na hao vijana? Nilimuuliza, ni wewe ulisema? Akakataa. Nikamuuliza kesho, nikamuuliza kila siku. Nikiweka chakula, namuuliza. Akachoka. Alitoka hapa na shati moja. Sijui ako wapi, na kama ako."

Mama aliketi chini, kwenye udongo. Nilikuwa nimekuja nikidhani nimemkosesha nyumba na jina, na hivyo viwili nilikuwa nimevihesabu. Eliya sikuwa nimemhesabu. Hakuwa na hatia, na mtu pekee aliyejua hivyo alikuwa anafinya obusuma Lurambi.

Mama Rebeka hakutufukuza. Aliingia ndani akapakua chakula, kwa sababu mgeni ni mgeni, akaweka mezani jagi na beseni. Hakukuwa na mtoto wa kutunawisha. Niliinua lile jagi, nikapiga magoti mbele yake.

Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Alikunja mikono ya gauni, akanyoosha viganja.

"Mimina kidogo," alisema. "Hii maji inatoka mbali."