Nilisema Nimemaliza Vidonge vya Damu

Nimekosa, na sina wa kumlaumu. Nilimdanganya rafiki yangu wa pekee, na aliponihitaji sikuweza kusimama.

Nauza nguo za watoto katika soko la Gikomba, Nairobi. Sina mume wala mtoto. Niliyekuwa naye ni Mama Shiro, jirani yangu wa kibanda, na kwa miaka tisa tulikula sahani moja. Yeye ndiye aliyeona nimebadilika. Nikiinua mzigo natweta, viganja vimekuwa vyeupe, na kutwa natafuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa kando ya mboga.

Alifunga kibanda chake akanipeleka kliniki. Wakapima, wakasema damu iko chini, hedhi yangu nzito imemaliza madini ya chuma. Nikapewa vidonge vya miezi mitatu.

Wacha niseme ukweli, nilivimeza siku kumi tu. Tumbo lilikaza, choo kikawa cheusi, nikaogopa. Badala ya kurudi kuuliza, nilivificha chini ya godoro nikaendelea na odowa yangu kwa siri. Ujinga ulioje.

“Dawa unameza?” Mama Shiro alikuwa akiniuliza.

“Nameza.”

Miezi mitatu ilipokwisha nikamwambia nimemaliza, niko fiti. Alifurahi hadi akaninunulia maini. Niliyala nikiona haya.

Kisha ikapangwa ruracio ya binti yake, siku ya wakwe kuja na mahari. Mama Shiro hana dada. Aliniomba nisimame naye kama dada, nipokee wageni, nipakue chakula. Jumamosi hiyo nilivaa kitenge chetu cha sare, nikashuka ngazi za ploti yetu, nyumba ya kupanga hapa Buruburu. Katikati, macho yakaingia giza. Nikaketi pale pale, moyo unadunda, miguu imekataa. Nikampigia simu.

“Siwezi kufika. Ni ile damu.”

Nilisikia sufuria na vicheko vya wanawake nyuma yake.

“Si uliniambia umepona? Sema tu hutaki kuja. Wewe huna wako wa kuolewa, ndiyo inakuuma.”

Nilikata simu nikalia, na majirani wakaniruka wakipanda.

Mama Shiro alihamishia kibanda chake upande mwingine wa soko. Mimi nilirudi kliniki. Wakanibadilishia vidonge, wakanikataza kuvimeza na chai. Hata tumbo kukaza kulikuwa na dawa, ningeuliza tu. Sasa nabeba mzigo wangu mwenyewe, na mawe siyatamani.

Nilimfuata nikamwambia yote. Alinisikiliza akikunja nguo. “Sawa, nimesikia,” akasema, akamgeukia mteja.

Dada yangu unayesoma haya, dawa ikikusumbua, rudi kwa aliyekupa useme. Na usimdanganye anayekuuliza kama umemeza, kwa sababu siku ukiugua kweli hatakuamini. Wiki jana nilipimwa, damu imefika kiwango kinachotakiwa. Nilitoka na ile karatasi mkononi, nikakosa wa kumwonyesha.