Siku Piki Iliponyamaza

Kwanza niseme wazi: ile piki haikuwa na kosa. Nilisema siku ile, nasema na leo, na anayebisha aje nyumbani tubishane vizuri, kiti kipo.

Ilikuwa pikipiki ya mtoto, ya kurukia vilima na matope, nyekundu, haifiki hata kiunoni mwangu. Tuliipata Lilongwe, Old Town, kwa mama mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa ambaye namshonea mapazia na foronya. Siku hiyo nilikwenda na binti yangu wa miaka kumi anisaidie kubeba. Kuingia stoo nyuma ya duka, akaiona imelala chini ya magunia. Mwenyewe, mtoto wa yule mama, alishakuwa mtu wa ndevu, anasoma ng'ambo. Binti yangu akaifuta vumbi kwa gauni lake la kanisani, akapanda, akashika usukani, akakataa kushuka. Nilimwita kwa upole. Nikamwita kwa ukali. Nikamvuta sikio. Wapi! Yule mama akacheka mpaka machozi, akasema, "Mwache aende nayo, amayi, mimi inanijazia stoo tu." Ndivyo ilivyofika Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, juu ya lori la vitunguu, na mtoto kaikumbatia njia nzima.

Lakini sauti yake, Mungu wangu! Kwa udogo ule ungetegemea ilie kidogo. Hapana. Ilikuwa ikiwashwa, vikombe vyangu vinacheza kabatini. Jirani alidai kuku wake wameacha kutaga kwa sababu yake, ingawa mimi nawajua wale kuku, ni wazee tu. Bantu bakaanza kuniita Mama Piki.

Shida yenyewe ilikuwa kanisa. Kati ya nyumba yetu na kanisa kuna kiuwanja cha udongo mwekundu, na hapo ndipo alipokuwa anazunguka. Sasa sisi watu wa Uvira, kule Kongo, utuweke watatu popote duniani, kabla hatujachimba choo tumeshaanzisha korali. Mimi ni soprano, mstari wa mbele, na sare za korali nzima nimeshona mimi. Kila jioni tuna repetisyo, mazoezi ya nyimbo. Utaniuliza, kwa nini mtoto asiendeshe saa nyingine? Asubuhi yuko shule, mchana mimi niko sokoni na cherehani yangu, na sheria niliiweka mwenyewe kwamba haendeshi kama mimi siko karibu. Jioni niko karibu. Niko pale dirishani mwa kanisa, naimba.

Kiongozi wetu tunamwita Metre, yaani mwalimu. Ni mtu wa Bukavu, amesoma, mwembamba, hata repetisyo anakuja na tai, na anatafuta sauti kwenye kinanda kidogo anachokipakata magotini. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika sikukuu ambayo makanisa yote ya kambi yanaimba mbele ya watu, na Metre alikuwa halali usingizi.

"Tunaanza vizuri," alisema, "tukipanda juu tunaanguka bote. Iyi piki njo inatupoteza." "Njo" yetu ni "ndiyo".

"Metre, piki iko nje, korali iko ndani," nikamjibu.

"Mama, masikio iko pa yote mbili."

Basi nikamwendea mdogo wangu, mpiga gitaa la besi, ambaye pia anatengeneza maboksi ya spika za kanisa. Akaitazama piki, akagonga bomba la moshi kwa kidole, akatikisa kichwa kama daktari. Alisema makelele ni makelele. Spika ikipiga kelele mbaya ndani ya boksi, yeye anachana godoro la zamani, anabandika sponji ndani, sponji inakula kelele. Kwa nini bomba liwe tofauti? Nami nikaona ana akili, maana mimi ni fundi cherehani, kwangu kila shida ya dunia inaisha kwa kujaza kitambaa mahali. Tukashindilia sponji kwa mwiko wa nsima, ugali wa huku, mpaka ikagoma kuingia. Juu yake nikaongeza vipande vya kitenge.

Binti yangu akaipiga teke. Ikawaka, na ikanong'ona! Mdogo wangu akanyoosha mikono juu. Nikaanza kucheza pale pale. Akaondoka nayo taratibu kupita dirisha la kanisa, repetisyo ikiwa imepamba moto, na hakuna aliyegeuza shingo.

Haikufika dakika moja. Moshi mweusi, harufu ya godoro linaloungua, na upepo wote ukielekea kanisani. Maalto walitoka wa kwanza, wanakohoa, wameshika vitambaa puani. Halafu piki ikakohoa nayo, ikatapika bonge la sponji lenye moto, likatua mlangoni, juu ya kiatu cha Metre.

Sitasahau utulivu wake. Alikung'uta kiatu, akanyoosha tai, akasema mbele ya wote kwamba Jumamosi ijayo piki hiyo ikisikika tena wakati wa repetisyo, inarudi ilikotoka. Mashemasi wawili wakaitikia kwa vichwa. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa amekumbatia tangi la mafuta, halii. Hapo nikapandwa na hasira, na mimi nikipandwa na hasira ulimi hautafuti ruhusa.

"Sawa!" nikasema. "Jumamosi itanyamaza. Na ikinyamaza, kama mungali munaanguka, basi kile munachokikuta kinaharibu korali kiondoke, vilevile munavyotaka kuondoa piki ya mtoto wangu!"

"Amina!" wakasema wote. Watu wa kanisa, ukiwapa sentensi ndefu wataitikia amina kabla hawajafikiri.

Jumatano nikapata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, tukaipakia piki kwenye gari la mkaa, tukaenda Chilinde, Lilongwe, kwa fundi mmoja wa kuchomelea anayetengeneza pikipiki za kabaza, yaani bodaboda. Alichungulia ndani ya bomba, akachomoa kwa waya kipande cha sponji iliyoungua, akakinusa.

"Amayi, nani alitaka kuinyonga hii?"

Nikamwambia ni mtu fulani, simjui vizuri.

Alicheka, lakini alitufundisha. Injini lazima ipumue, alisema, ukiiziba inakufa. Akalifungua bomba. Ndani kuna bomba jingine dogo lenye matundu, na zamani lilikuwa limezungushiwa sufi isiyoungua. Ile sufi ilishakwisha kwa miaka, kwa hiyo sauti ilikuwa inatoka nzima nzima. Akalizungushia nyuzi za chuma, zile za kusugulia masufuria, juu yake tabaka la sufi ya jiko la umeme lililokufa, akafunga. Akapita kila mahali akikaza bolti na kuweka vipande vya mpira wa tairi chini ya yale mabati na plastiki, kumbe nusu ya kelele ilikuwa kutetemeka kwa mwili wake tu. Mwisho akachomelea kibomba kifupi chenye matundu, akakiingiza mkiani mwa bomba, kikashikwa na bolti moja.

"Hiki kinachomolewa," akamwambia binti yangu, si mimi. "Spana namba kumi. Kikishika masizi unakitoa, unakisafisha, unakirudisha."

Binti yangu alikitoa na kukirudisha mara tatu mbele yake. Nami nikamshonea fundi mifuko mipya ya ovaroli palepale, kwa mkono, tukasema zikomo, asante ya huku, tukarudi.

Jumamosi ikafika. Kanisa lilijaa kuliko siku ya ubatizo, maana habari ilikuwa imezunguka. Binti yangu akapita dirishani mara ya kwanza. Fufufufu, basi. Sauti ya mtu anayepuliza chai. Nikainua pua juu, nikamtazama Metre mpaka akaangalia kinanda chake.

Tukaimba. Tukaanza vizuri. Tukapanda juu, tukaanguka.

"Tena," akasema Metre. Tukaanguka tena, na safari hii kila mtu alisikia, maana palikuwa kimya.

"Haiko piki," akasema mtu mmoja wa besi.

"Basi iko muntu," akasema Metre.

Akaamua kila mmoja aimbe peke yake pale pa juu. Besi wakapita, tenori wakapita, alto wakapita. Wakaingia soprano, wakianzia ukutani kuja kwangu. Nakuapia, sikujua. Mimi nilikuwa na uhakika ni yule mama mnene wa pembeni yangu, na nilikuwa nimeshaanza kumhurumia. Akaimba. Akapanda, akakaa juu huko kama yuko kwao. Nikashangaa kweli.

Nikasimama mimi. Nikafungua mdomo, na nje pakapasuka.

Ilikuwa kelele ya zamani na nyongeza. Metre aliruka, kinanda kikaanguka. "Iondoke leo!" akapiga kelele. "Leo leo!" Mashemasi wakainuka. Nikawapita mbio, nikatoka nje nikiwa nimeshakunja ngumi.

Binti yangu alikuwa amesimama katikati ya kiuwanja, kile kibomba kifupi kiko chini juu ya kitambaa, spana ya kumi iko kwenye meno, na anapiga resi bila kwenda popote.

"We mtoto, uko na wazimu? Unajua banakuja kuichukua?"

Akatoa spana mdomoni. "Najua, mama."

"Sasa juu ya nini?"

Nikainama, akanisemea sikioni, mkono haujaacha resi. "Banataka kukusikia."

"Banisikie, kuna nini?"

"Njo weye, mama. Kila siku njo weye. Ukipanda juu unaanguka. Mi nasikia ukishona nyumbani. Njo maana ukipanda mi naongeza mafuta, bantu basisikie."

Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, na mikono haikujua ianze na lipi. Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Wiki zile zote nilikuwa natetea piki yake, kumbe yeye ndiye alikuwa ananitetea, na petroli yake ya kuombaomba kwa watu wa kabaza aliimalizia kwenye koo langu.

"Zima," nikamwambia.

"Batakutoa."

"Zima, nasema."

Akazima. Mashemasi walikuwa wameshafika mlangoni, nikawaambia wangoje kidogo, sijaimba. Nikarudi mahali pangu, nikaimba. Kimya kilikuwa kikubwa mno. Nikapanda, nikafika pale, na kwa mara ya kwanza maishani nikajisikia: sauti ikateremka mbele ya masikio yangu, naiona inaondoka, siwezi kuishika.

Metre akaokota kinanda, akabonyeza kidole kimoja, akabonyeza tena. "Njo iyi," akasema polepole. Yule mama mnene akaangalia chini. Angeweza kucheka. Mimi ningecheka.

"Mama, sikukuu ikiisha urudi, tutakufundisha," akasema Metre.

"Nilisema nini wiki iliyopita? Kinachoharibu kiondoke. Piki ibaki."

Nikampa yule mama mnene daftari langu la nyimbo, nikatoka. Binti yangu alikuwa amepiga magoti, anakaza ile bolti.

"Piki inabaki?"

"Inabaki."

"Na weye?"

Nikapiga magoti pembeni yake, nikamshikia kile kibomba akimalizia kukaza. Ndani walikuwa wameanza wimbo upya, na ulipanda mpaka juu kabisa, ukakaa.