Mikono Minne kwenye Usukani

Wiki nzima nilikuwa nikiliona doa jekundu chini ya lori langu, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele. Kila asubuhi nililifukia kwa vumbi, nikaongeza mafuta ya usukani, nikawasha injini. Lori lilikuwa la zamani, nami nilikuwa nimezoea kelele zake. Lakini sasa kila nilipokata kona pampu ya usukani iliguna. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Jumamosi moja akina mama wa kanisa letu hapa Kikula waliniomba niwapeleke kwenye kilio huko mtaa wa Panda. Kama kumi na wawili hivi walipanda nyuma, wakaketi juu ya mikeka. Mama mkwe wangu, mmoja wao, alikuwa na goti bovu, hakuweza kupanda huko, wakamweka mbele pamoja nami. Kwetu sisi wenye asili ya Kasai, mwanamume na mama wa mke wake hawakai hivyo. Hatuli pamoja wala hatupeani mikono. Aliweka kikapu chake katikati yetu, akageukia dirishani.

Tulipoanza kuteremka kilima, usukani ukawa mzito. Moshi ukatoka pembeni mwa boneti, na harufu ya mafuta yanayoungua ikajaa ndani. Nyuma walikuwa wakiimba taratibu. Mbele yetu barabara ilipinda kulia, na kutoka chini lilikuwa linapanda lori la madini, limejaa. Nilikanyaga breki, nikavuta usukani kwa nguvu zangu zote. Ulisogea kidogo tu. Tulikuwa tunaingia upande wake. Nikawafikiria wale wanawake wanaoimba.

"Mama, usukani inakatala," nikasema.

Alisukuma kikapu kwa mguu, akaweka mikono yake juu ya yangu, akavuta kuelekea kwake kwa uzito wa mwili wote. Pete yake ilinikwaruza kidole. Lori letu likageuka polepole, na lile la madini likapita likiking'oa kioo chetu cha pembeni. Tulikwenda hivyo, mikono minne, mpaka nikalisimamisha kwenye majani.

Nyuma hakuna aliyekuwa akiimba tena. Mama mkwe aliondoa mikono yake, akaificha ndani ya kitenge.

"Weye ulijua?" akauliza, akitazama mbele.

"Nilijua, mama. Juma muzima."

"Na ulipakia bantu."

"Ndiyo, mama."

"Fungua mulango. Tutatembea."

Niliwatazama wakienda, yeye akiegemea bega la mwenzake, akichechemea. Nilitaka kukimbia kumwomba arudi akae, lakini nikatoa simu, nikamwita fundi.

Fundi alikuja kwa pikipiki. Alinionyesha mpira unaopitisha mafuta, umepasuka kwenye kibanio chake. "Hii ilikufa zamani," alisema, akaweka mwingine, akajaza mafuta, akanifanya niuzungushe usukani huku na huku mpaka aliporidhika. Mimi sikuridhika. Nilitambaa chini ya lori mara tatu kutafuta tone.

Mchana ulipokwisha nilikwenda kuwachukua kwenye kilio. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kupata gari lingine. Mama mkwe alikuja mpaka kwenye mlango wa mbele, akasimama.

"Umemwambia muke wako?"

"Bado, mama."

"Utamwambia weye mwenyewe. Minye sitasema kitu."

Kisha akapanda. Niliendesha polepole kiasi kwamba baiskeli zilitupita.

Nilimwambia mke wangu nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla hajanipa maji ya kunawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mama yake ametembea umbali gani. Nikamweleza. Akavaa viatu, akachukua mafuta ya kuchua, akaenda kumkanda goti. Mimi nilibaki barazani nikisikiliza hatua za wapita njia, nikiogopa atakachosema akirudi.