Sanduku la Wepukhulu

Enos Wepukhulu alizaliwa upande wa Chwele, akaja Kisumu akiwa kijana kutafuta kazi. Alifundishwa na fundi mmoja Mhindi mwenye karakana karibu na stesheni ya reli: kukata bati la shaba, kulilaza juu ya chuma, kusimamisha muhuri wa herufi wima kama msumari, na kuupiga nyundo mara moja tu. Ukipiga mara ya pili, herufi inaota kivuli na kazi imeharibika. Mhindi alipofunga karakana na kuhamia ng'ambo, alimwachia sanduku lake la chuma lenye mihuri yote, herufi na tarakimu, pamoja na nyundo na tindo.

Mwaka 1984 Wepukhulu alilibeba sanduku hilo begani hadi kiwanda cha mafuta ya mbegu za pamba, njia ya Nyamasaria, ambako walitaka mtu wa kuweka alama kwenye mitambo. Aliziweka. Kila pampu, kila mota, kila jiliwa ya kubania vyuma ikapata kibati cha shaba chenye jina la kampuni na namba, kimeshikwa na ribiti mbili, misumari mifupi iliyopondwa vichwa isichomoke. Rangi ilikuwa ikifutika, karatasi ikiliwa na joto na mafuta. Kibati cha Wepukhulu ulikipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kikasomeka kama kimepigwa jana.

Wizi ulikuwepo. Kitu kisicho na kibati kilihesabiwa hakina mwenyewe. Ukikiacha mezani ukaenda kunywa uji, hukikuti. Tupa zake nzuri zilipotea hivyo. Ndipo akafanya jambo ambalo siku zile lilionekana la busara: akalipigia sanduku lake mwenyewe kibati cha kampuni, akakikaza kwa ribiti kwenye kifuniko.

"Sasa umejiozesha kwa kampuni," Oduor alimtania. Oduor, mtu wa Katito, alikuwa askari wa lango. "Siku ukiachwa, ni nani atarudisha mahari?"

"Mwizi ataogopa kupita nalo kwako. Hiyo yanitosha."

Wepukhulu ndiye aliyemfundisha Oduor kuwakamata wezi. Alimwambia, "Ukiona chombo kina matundu mawili na hakina kibati, mshike aliyekibeba. Usiamini macho, maana wanaziba kwa grisi. Pitisha kidole." Oduor aliwashika wengi kwa kidole hicho.

Mwaka 1993 kiwanda kilikufa. Wengine husema kilifilisika, kana kwamba ni mvua iliyokosa kunyesha. Kiliuawa. Wakulima walipeleka pamba wasilipwe, wakang'oa mipamba wakapanda mahindi, mitambo ikakosa cha kukamua. Wakubwa waliokula mtaji walitoka na magari yao, na hakuna aliyewafungulia buti langoni. Aliyepekuliwa ni fundi.

Benki iliyokuwa ikikidai kiwanda ilimleta kijana mmoja mwenye tai. Aliwakusanya wafanyakazi uani, akasema, "Chenye kibati kinabaki kwa mnada. Kisicho na kibati ni chako, ondoka nacho. Lango linafungwa saa kumi."

Wepukhulu alimfuata. "Bwana, lile sanduku ni langu. Niliingia nalo hapa."

"Lina kibati?"

"Linacho."

"Kinasema ni la nani?"

"La kampuni. Lakini nilikipiga mimi, kwa mkono wangu, ili lisiibwe."

"Kumbe umeandika mwenyewe, mzee. Sasa nimwamini nani, wewe au wewe?"

Wenzake wawili walisimama wakasema kweli, sanduku ni lake. Kijana akacheka kidogo. Siku hiyo, alisema, kila mtu ana shahidi.

Nyuma ya karakana ya kiwanda palikuwa na ua wa waya. Mkewe, Nasambu, alikuwa amesimama upande wa pili akimngoja. Wepukhulu alimweleza.

"Mafundi wa soko la Kibuye walisema watakupa nafasi," Nasambu alisema, "lakini walisema uje na mihuri. Bila mihuri utafanya nini huko? Ubebe magunia na mgongo huo?"

"Najua."

"Baba Nekesa, si ni ribiti mbili tu? Vunja."

"Ni wizi, mama."

"Mtu anaiba chake?"

Alirudi ndani. Alikaa mbele ya sanduku, mikono magotini, mpaka vivuli vya mitambo vikaanza kurefuka. Kisha akashika tindo, akakata vichwa vya ribiti, akakibandua kibati na kukitia mfukoni. Matundu aliyaziba kwa grisi na masizi, akapangusa kifuniko kizima kwa masizi hayo hayo ili kifanane. Hata yeye, akirudi nyuma hatua chache, hakuyaona.

Langoni, kijana wa benki alikuwa ameketi mezani na Oduor amesimama kando yake. Watu wote walijua benki itambakiza askari mmoja. Oduor alitazama sanduku, akamtazama mwenye sanduku, na kwa mazoea ya miaka yote ile kidole chake kikapita juu ya kifuniko. Kikasimama.

"Pitisha, Oduor," Wepukhulu alisema polepole.

"Kidole kimeingia, omera, ndugu yangu," Oduor alinong'ona. "Na huyu amekiona kikiingia."

"Kuna nini?" kijana aliuliza.

Oduor alikipangusa kidole kwenye suruali. Kisha akasema, "Kuna matundu, bwana."

Walimpekua, kibati kikatoka mfukoni, kikawekwa mezani. Kijana hakupandisha sauti. "Kirudishe mahali pake, kama kilivyokuwa, niuze mali kihalali. Ukikataa, nitaita polisi na utatoka hapa mwizi."

Wepukhulu alilibeba sanduku hadi karakana, akalifungua kwa mara ya mwisho, akatoa nyundo na ribiti mbili mpya.

Nyuma ya ua, Nasambu aliisikia nyundo ikianza tena. Alidhani kuna ribiti iliyokuwa imegoma. Alifungua leso kiunoni, akaikunja kuwa kata, akaiweka kichwani na kuishika kwa mkono, tayari kupokea mzigo.