Fundi wa Programu na Jina la Marehemu

Fundi anayetutengenezea programu ya simu ya ukoo huandika kwa kidole kimoja, kofia kichwani, akiiambia kompyuta pole kila inapogoma. Leo, wakwe wakiwa njiani kutoka Mutshatsha kuja kuiona, ukurasa wa marehemu mume wangu ulikuwa bado mwekundu kwa kosa: unamtafuta “tata”, yaani baba wa nyumba, na “tata” hajaandikwa popote.

“Hata mbuzi umewaandika,” nikamwambia, “ukamwacha mwenye nyumba? Nitaiweka wapi sura yangu?”

“Mama, jina ya mukubwa mwenye alikufa, nitaandika namna gani bila jamaa kunipa ruhusa?”

Kumbe wiki nzima alikuwa akijifanya kulitafuta kosa hilo mbele yangu! Nikampa ruhusa. Akasimama, akavua kofia, akaliandika jina kwa mikono miwili. Ukurasa ukafunguka. Wakwe walipoingia walimkuta bado amesimama, kofia kifuani, wakampa pole yeye kwanza.