Mayai Yasiyogeuzwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2015, nilivaa glavu. Nilikuwa nimeshapita miaka hamsini, nimetoka kulinda duka la vitambaa mtaa wa Fordsburg, huko kusini mwa Afrika, na kwetu Muheza sikuwahi kumwona mtu mzima akimshika kinyonga kwa hiari yake. Mkurugenzi, mzee wa Kireno aliyekulia kaskazini mwa Msumbiji na kukijua Kiswahili cha huko, aliniambia nizivue. Kinyonga akigusa mpira anajua kuwa si tawi, alisema, na akishaogopa anaweza kushinda bila kula. Nikavua. Akaniwekea mnyama wa kijani kiganjani, nikasisimkwa mwili mzima.

Kituo chetu kilikuwa nyumba ya kawaida tu ya mtaa wa Rosettenville, mji uleule, ila uani palijengwa vyumba vitatu. Tulifuga vinyonga adimu kutoka nje, wenye vibali vyao, na kuwazalisha kwa ajili ya wafugaji wengine. Nilianzia chumba cha nyenje, ndio chakula chao. Kabla ya kuwalisha vinyonga, tuliwatikisa nyenje ndani ya mfuko wenye unga wa kalsiamu, maana kinyonga aliyekosa unga ule mifupa yake hupinda.

Baadaye nikahamishiwa karantini, chumba cha wageni, ambako waliowasili walitengwa mpaka kinyesi chao kipimwe minyoo. Huko ndiko nilikojifunza kuwatambua. Watu hudhani kinyonga hutambuliwa kwa rangi, kumbe rangi ni kitu cha mwisho kuangalia. Tulitazama pembe, tukatazama kile kigongo cha mfupa kinachoinuka kisogoni, tulichokiita kofia, na kwa aina nyingine tulitafuta kidutu nyuma ya kisigino, ambacho dume huzaliwa nacho.

“Rangi ni hasira na baridi,” Mkurugenzi alizoea kuniambia. “Mfupa ndio kitambulisho.”

Wenzangu wa Tanga walinitania sana. Siku ya Ijumaa, tukitoka msikitini, walinisalimia kwa kiwiko na kuniuliza kama nimenawa kwa sabuni. Sikukasirika, maana mimi mwenyewe ningefanya vivyo hivyo mwaka mmoja nyuma.

Mwaka 2017 nikapewa chumba cha mayai. Mkubwa wangu huko alikuwa Msimamizi, binti wa Mkurugenzi, mwanamke mwepesi wa kazi aliyeijua biashara vizuri, ila hakupenda kugusa mnyama. Mwaka huo jike mmoja wa Madagaska, mkubwa kuliko vinyonga wote wa nyumba ile, alitaga. Mkurugenzi alikuwa amefuga aina hiyo tangu ujanani na hakuna yai hata moja lililowahi kuanguliwa. Mayai yake hukaa karibu miaka miwili, na ni lazima yapitiwe na baridi ya kipupwe, vipasha joto vikiwa vimezimwa. Halafu kuna sharti kubwa kuliko yote: yai la kinyonga haligeuzwi. Mtoto hujishikiza upande wa juu, na ukiligeuza anazama mumo humo. Tulitia nukta ya penseli juu ya kila yai, kisha tukayalaza katika visanduku vyenye vermikulaiti, chengachenga za madini zinazoshika unyevu.

Moyo wa Mkurugenzi ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Alisema waziwazi kwamba anataka kuliona moja tu likipasuka kabla hajafa.

Mwaka uliofuata nilirudi nyumbani kumwoza binti yangu. Msimamizi alimkabidhi chumba Mama Clémentine, Mkongo wa Lubumbashi aliyehudumia nyenje. Akamweleza kwa Kiingereza chepesi habari za baridi na unyevu, lakini habari ya kugeuza haikutajwa. Sasa Mama Clémentine alikuwa amefuga kuku na bata miaka mingi kwao, na kwa mfugaji wa kuku alama ya penseli juu ya yai ina maana moja tu. Niliporudi alinipokea kwa furaha, akanieleza jinsi alivyoyatunza. Nilifungua kisanduku nikakuta nukta zote ziko chini. Nikakaa sakafuni. Kisanduku kimoja tu kilisalimika, cha rafu ya juu, kwa sababu mkono wake haukufika.

Msimamizi alitaka kumfukuza kazi na kuyatupa mayai yote siku ileile. Mkurugenzi akaja na mkongojo wake, akaomba Mama Clémentine aitwe.

“Kwa nini uliyageuza?”

“Patron, kwetu tunageuzaka kila siku,” alijibu, macho chini. “Ukiacha, mutoto anashikamana na ganda. Niliona ile alama, nikasema ni ya kugeuzia.”

Mzee akasema kwamba naye angekuwa mfugaji wa kuku angefanya hivyohivyo, kwamba mama huyu anabaki, na kwamba hakuna yai litakalotupwa mpaka lioze lenyewe.

Yakaanza kuoza. Yale ya rafu ya chini yalibonyea, yakawa ya njano, yakaota ukungu. Kila tulipotoa moja Mama Clémentine alilia. Mkurugenzi aliuliza habari za mayai kila asubuhi, nasi tulimwambia kweli. Alifariki katika kipupwe cha 2019, mayai ya kisanduku cha juu yakiwa bado meupe na yamejaa.

Baada ya mazishi Msimamizi aliamua kufunga kituo, na sikumlaumu. Vinyonga walipata wafugaji wengine, chumba kimoja baada ya kingine kikawa kitupu. Mama Clémentine alimwendea, mimi nikiwa mkalimani, maana Msimamizi hakujua Kiswahili cha baba yake, akaomba aachiwe kisanduku kile kimoja. Msimamizi alimwangalia sana. “Eish, Mama,” akasema, na akamruhusu akae nacho mpaka nyumba ipate mnunuzi.

Mvua za kwanza zilipoanza, asubuhi moja tuliyakuta mayai yakitoka jasho. Matone juu ya ganda ni dalili kuwa mtoto yuko tayari kulikata. Nikampigia simu Msimamizi, akaja, akakaa sakafuni kati yetu. Ganda likachanika, kichwa kikatoka, kofia yake ndogo kama punje ya mchele. Kisha akatulia. Ndivyo wanavyofanya, hupumzika kichwa kikiwa nje, pengine kutwa nzima.

Msimamizi aliniuliza kwa sauti ya chini baba yake angesema nini.

“Angesema tuzime taa tutoke,” nikamjibu. “Tunamsumbua.”

Taa aliizima mwenyewe. Tulipofika uani alimkumbatia Mama Clémentine akalia kwa sauti, na Mama Clémentine naye akalia.

Nilistaafu mwisho wa mwaka ule nikarudi Muheza. Vijana wakiniuliza kazi ile ilihitaji nini, nawaambia sehemu yake ngumu ilikuwa kuizuia mikono yako isisaidie. Wanacheka, wanadhani nawatania. Nimewashika vinyonga wengi na wengine nimesahau hata sura zao, lakini yule mdogo bado ananiuma. Aliyemngoja umri mzima alikuwa Mkurugenzi, na aliyemwona ni mimi.